Dhiraa ya Baba na Dhiraa ya Idarusi

Mwera, 28 Oktoba 1956

Binti yangu Lea,

Pokea salamu zetu. Mimi ni mzima, na mama yako pia, ila kikohozi hakijamwacha. Nawe u hali gani huko Tanga?

Nimesimamisha kenchi ya kwanza, ile pembetatu ya mbao za kubeba paa, ya zahanati mpya. Bwana msimamizi atakuja tarehe 24 Novemba na chombo chake cha kupimia, naye anataka nimwandikie mteremko wa paa kwa digrii. Mimi najua dhiraa tu, kiwiko hadi ncha ya vidole. Kimo, kutoka kwenye boriti hadi kileleni, ni nne. Chini, kutoka ukutani hadi katikati, ni tisa. Ubao wa mteremko wenyewe ni kumi na moja kasorobo.

Baba yako mkubwa, Asheri, anasema masomo yako yaishe mwaka huu, urudi nyumbani. Nimemwomba jambo moja: hesabu yako ikikubaliana na chombo cha bwana, uendelee. Amekubali, huku akicheka. Nitumie hizo digrii.

Baba yako,
Kristofa


Mabawa, Tanga, 3 Novemba 1956

Baba,

Shikamoo. Mimi sijambo. Mpe mama pole yangu, na umwambie asiache tangawizi.

Digrii hupatikana hivi: nagawa kimo kwa kipimo cha chini, yaani nne kwa tisa, kisha natafuta jibu katika kitabu cha majedwali. Nilipata digrii ishirini na nne. Wenzangu wakaniambia niwahi posta.

Sikwenda. Kwanza niliujaribu ule ubao wa mteremko. Kwa nne na tisa, ubao haufiki hata dhiraa kumi, nawe umeandika karibu kumi na moja. Vipimo vya pembetatu moja haviwezi kugombana hivyo. Najua Baba mkubwa atazidi kucheka, lakini siwezi kukupa namba nisiyoiamini. Tafadhali niambie, kila upande ulipimwa kwa mkono wa nani?

Mwanao,
Lea


Mwera, 11 Novemba 1956

Mwanangu Lea,

Tunaendelea vizuri, kikohozi kimepungua.

Sitakuficha, barua yako iliniudhi. Nimejenga miaka ishirini na hakuna paa langu lililoanguka. Halafu nikakumbuka: kimo na ubao wa mteremko nilipima mimi, juu ya ngazi. Chini alipima mwenzangu Idarusi, nawe unamjua urefu wake. Tukaweka mikono mezani, viwiko sawasawa, na vidole vyake vikapita vyangu kwa inchi mbili nzima. Akaniambia, "Kumbe miaka yote hii nafanya kazi na kibeti."

Nimepima chini upya, kwa mkono wangu. Ni kumi kamili. Asheri huniuliza kila jioni kama jibu limefika.

Baba yako,
Kristofa


Mabawa, Tanga, 15 Novemba 1956

Baba,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia habari za mama.

Nne kwa kumi, jedwali linasema digrii ishirini na moja na dakika arobaini na nane. Digrii moja ina dakika sitini, kwa hiyo ni ishirini na mbili kasoro kidogo. Ubao wa mteremko nao sasa umekubali. Usiogope kwamba hukutumia futi. Mkono ukiwa mmoja, uwe mfupi au mrefu, pembe haibadiliki.

Baba, nataka kurudi shuleni Januari. Sijawahi kukuandikia waziwazi namna hii.

Mwanao,
Lea


Mwera, 25 Novemba 1956

Mwanangu Lea,

Sote wazima. Mama yako anakusalimu sana.

Bwana alikuja jana. Nilimpa karatasi yenye namba yako kabla hajafungua mkoba wake. Chombo kikasoma ishirini na mbili kasoro kidogo. Asheri alikuwa amesimama nyuma yake. Akamwomba apime na upande wa pili. Ikawa ileile.

Nilidhani Asheri atasema umebahatisha. Badala yake aliniuliza kwa nini ile namba ya kwanza ulikataa kuituma, na nikamweleza habari ya mikono. Akazunguka jengo lote peke yake. Aliporudi aliuliza shule inafunguliwa lini. Nikamwambia tarehe nane Januari.

"Siku hiyo wewe utakuwa juu ya paa," akasema. "Nitampeleka mimi."

Baba yako,
Kristofa