Neema na Mgongo wa Baba

Mjukuu wangu Furaha,

Nakusalimia toka Mulongwe. Siye tunapumua tu. Maji ya mvua yalibeba muhogo wetu wa shamba la Nyakabere, na mjomba wako bado anakohoa.

Unaniuliza namna ya kufundisha historia nyumbani, watoto wa miaka tofauti pamoja. Nikuambie vile mama yangu alifanya.

Shule zilikuwa zimefungwa sababu ya vita, na baba yetu alikuwa amekufa. Mama alitukalisha kwenye mkeka: mimi mkubwa, Bahati, na Neema mdogo wetu wa mwisho. Siku moja alifunga kitabu, akasema, "Leo historia ni baba yenu. Kila mtu aseme anachokumbuka."

Nilisimulia alivyoondoka asubuhi siku ya mwisho. Bahati akakataa: "Hapana, ilikuwa jioni!" Mama akatuambia tuandike yote mawili. Kisha Neema, ambaye hakumkumbuka baba hata kidogo, akaanza kulia.

"Na minye? Minye niko na nini?"

Nikamhurumia. Nikamwambia, "Weye, baba alikubeba mgongoni mpaka ziwani, ukalala." Haikutokea hata siku moja. Mama alinitazama, akafungua kitabu tena.

Mwaka jana, Neema akiwa anakufa, aliwasimulia watoto wake habari ya ule mgongo. Akanigeukia mimi mkubwa wake: "Si ni kweli, yaya?" Nikaitika.

Basi wakalishe pamoja, wabishane. Lakini asiyekumbuka kitu, mwache alie kwanza. Mpaka leo sijui kama siku ile nilimpa baba, ao nilimnyima.

Nawakumbatia wote,
Koko wako