Mwezi wa Kumleta Mama Nakuru

Jumatatu, 13 Januari 1958

Nimefua. Nimeanika. Nimeanua, nimefua tena. Upepo ulivuma kutoka ziwani mchana na shuka zote zikajaa unga mweupe. Ukilamba midomo unaonja magadi. Mwanangu Marita amepiga chafya kutwa nzima, maskini, na kila akipiga anacheka.

Kila Januari watu wa Nakuru husema vumbi la mwaka huu limezidi. Mwaka huu limezidi kweli. Ziwa limerudi nyuma sana, na wale ndege wake wekundu wamekuwa mstari tu kule mbali. Mama Achieng' wa mlango wa pili anasema vumbi linatoka Kariandusi, kwenye machimbo ya udongo mweupe. Nikamwambia Kariandusi ni mbali, upepo gani huo. Akasema haya, wewe endelea kufua.

Jumapili, 2 Februari

Barua ya kaka yangu Petero kutoka nyumbani Maragoli. Jicho la kulia la mama limefunga kabisa. La kushoto lina ukungu, na daktari wa misheni amesema nalo litafuata, labda katikati ya mwaka, labda mapema. Mama hakulia. Amesema jambo moja tu: anataka kumwona Marita usoni kabla giza halijaingia.

Marita ana mwaka na nusu. Mama hajamwona hata siku moja. Na Petero ameonya tusimpeleke mtoto huko, surua imeingia kijijini na watoto wamezikwa.

Basi mama atakuja. Nimemwambia mume wangu Yohana wakati anakula. Ameacha kutafuna.

Jumatano, 5 Februari

Tumegombana. Niandike kwa nini, maana mtu asiye wa kwetu angedhani mume wangu ni mbaya. Si mbaya. Anaogopa aibu.

Kwetu mkwe wa kiume na mama wa mke hawakai chini ya paa moja. Hawashikani mikono. Hawali wakitazamana. Wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini. Na sisi hapa landhi, makazi ya wafanyakazi wa reli, tuna chumba kimoja, mlango mmoja, dirisha la kutosha paka.

Wakati wa kiangazi si shida. Watu wa landhi tunaishi uani tangu asubuhi mpaka jioni, chumba ni cha kulala tu. Mama angelala kwa Mama Achieng', ambaye mumewe ni dereva wa treni na hayuko nyumbani mara nyingi. Wajaluo nao wana heshima hiyo hiyo, kwa hiyo hakuhitaji kuelezwa. Amesema aje. Lakini mvua ikianza, kila kitu kinaingia ndani: jiko linaingia, kuku wanaingia, watu wanabanana. Hapo mama na Yohana watakwepana wapi?

Yohana anasema tungoje Disemba. Mvua ndogo zimekwisha, vumbi limelala, nyasi zipo, na reli wameahidi nyumba za vyumba viwili. Kila mtu hapa anasema Disemba ndio Nakuru nzuri. Pasta anasema Julai, baridi lakini hewa safi. Hata Mhindi wa duka amesema Septemba, na sikumwuliza, nilikwenda kununua chumvi.

Jicho halitangoja Disemba. Nimesema hivyo, nikalala.

Jumatano, 12 Februari

Nimeamua. Si sasa, vumbi hili litamalizia jicho lililobaki. Si baada ya Pasaka, mvua kubwa itakuwa imefika. Ni katikati. Mwezi wa tatu, kabla mvua haijaanguka. Nimemwandikia Petero. Nimetia barua posta mwenyewe nisije nikashawishiwa.

Jumamosi, 1 Machi

Vita na vumbi. Yohana anafanya kazi kwenye bohari la mizigo pale stesheni, na wamempa magunia yaliyotoboka. Nimeyafumua, nimeyashona pamoja, nimeyatundika upande wetu wa ua upepo unakotokea. Kila alfajiri namwaga maji uani mpaka udongo ushike. Wanawake wa mfereji wa maji wananiteta waziwazi. Ati Rasoa anapanda mpunga. Watete tu.

Yohana bado hasemi nami zaidi ya salamu. Lakini leo ameleta misumari bila kuombwa.

Ijumaa, 14 Machi

Joto. Hata usiku blanketi halishikiki. Tangu juzi kuna mawingu juu ya mlima Menengai kila alasiri, yanakusanyika, yanakuwa meusi, halafu yanaondoka. Kila mtu anatazama juu. Madereva wa malori ya Rongai wanasema mashamba kule yameshalimwa, wanangoja tu. Siafu wamehama kutoka nyuma ya choo wakapita jikoni.

Petero ameandika. Mama atapanda treni Kisumu, atafika Alhamisi. Atasindikizwa na mwanamke wa kanisani anayekwenda Nairobi.

Yohana ameniomba, kwa upole safari hii, tumpelekee mama habari asubiri. Amesema mvua iko karibu, wewe mwenyewe unaona. Nimeona. Nimekataa. Kama kuna aibu itakayopatikana, iwekwe jina langu.

Jumanne, 18 Machi

Matone machache jioni. Hata hayakulowesha bati. Harufu ya udongo ikapanda na landhi nzima ikatoka nje kushangilia, watoto midomo wazi. Mimi niliingia ndani nikalia. Binti wa wakulima, nimeichukia mvua! Mungu anisamehe. Lakini nimeichukia, na nikiandika uongo hapa nitamwandikia nani?

Alhamisi, 20 Machi

Mkono umechoka lakini nitaandika yote.

Treni ilichelewa. Nilisimama stesheni na Marita mgongoni, mbingu upande wa Njoro zimekuwa nyeusi tii. Yohana alikuwa kazini hatua chache kutoka pale. Treni ilipoingia nilimwona akiruka nyuma ya marundo ya mahindi, mtu mzima, mabega yale yote, kumkwepa mama mkwe. Ningekuwa na nafasi ningecheka.

Mama ameshuka ameshikwa mkono. Amekuwa mdogo. Aliita jina langu kabla sijasema kitu, akaninusa shingoni kama nilipokuwa mtoto. Nikamletea Marita mikononi. Alimpapasa kichwa, pua, masikio. Kisha akasema subiri, nitamtazama tukifika, hapa kuna giza.

Hakukuwa na giza la jioni. Ilikuwa mchana. Lilikuwa ni wingu.

Mvua ilitukuta njiani. Upepo kwanza, na vumbi lote la miezi mitatu likainuka kwa pamoja, nikamfunika mama uso kwa leso yangu. Halafu maji. Halafu mawe. Magunia yangu yalikwenda na upepo, sijui yako wapi. Tulipofika kwa Mama Achieng' bati moja la paa lake lilikuwa limeng'oka na kitanda alichomtandikia mama kinaelea. Basi wote tukaingia kwangu: mama, mimi, Marita, Mama Achieng' na watoto wake, jiko, na kuku wake mmoja aliyekataa kubaki.

Ndipo tukasikia kikohozi nje.

Nakijua kikohozi hicho. Yohana alikuwa ametoka kazini. Alipanga kuchukua blanketi dirishani na kwenda kulala kwa vijana wa bohari wasio na wake, lakini njia ilikuwa imekuwa mto. Akasimama ukutani, chini ya ukingo wa bati usiofunika hata kofia. Mawe yanampiga. Hagongi mlango. Hasemi. Anakohoa tu.

Mama alijua. Mama Achieng' alijua, akawa anatazama dari. Mimi niko katikati, mlango huku, mama kule. Nilitaka kuwapigia kelele wote wawili. Nilijiona mjinga. Watu wote walinionya, na mimi nimempeleka mume wangu kwenye mvua ya mawe na mama yangu kwenye fedheha, siku moja.

Mama akageuka, akaelekea ukuta. Akajifunika leso kichwa chote. Akauambia ukuta, "Rasoa, mwambie huyo aliye nje kwamba mimi sipo hapa. Nimebaki Maragoli."

Nikafungua mlango. Yohana aliingia kinyumenyume, uso nje, maji yanamtiririka mpaka kwenye viatu. Mama Achieng' na mimi tukashika shuka katikati ya chumba kama pazia. Yohana akauambia mlango, "Mwambie aliye Maragoli kwamba namsalimu sana."

"Mwambie salamu zimefika," mama akauambia ukuta. "Na apewe chai kabla hajafa."

Mama Achieng' alicheka mpaka akamkalia kuku. Marita naye akacheka, hajui kwa nini. Alikuwa anapita chini ya shuka, huku na huku, anapeleka kipande cha kiazi kwa babake na kurudisha kwa bibi yake. Yeye tu ndiye aliyekuwa na ruhusa.

Mvua ilipopungua Yohana alichukua blanketi akaenda zake. Mama amekataa kitanda. Amesema kitanda cha mkwe hakilaliwi, hata kama yeye mwenyewe yuko Maragoli. Amelala sakafuni juu ya mkeka, mtoto kifuani.

Lakini hajamwona. Nilimwashia koroboi, nikamsogezea Marita. Mwanga ulimchoma jicho likatoa machozi. Alisema anaona kivuli tu, kichwa na mabega. Akafuta jicho kwa leso. Kisha akasema si neno.

Ni neno. Nimemtoa kwao mbali hivyo nimemleta kwenye giza. Kama mawingu haya yatakaa mpaka aondoke, sitajua nijitie wapi.

Ijumaa, 21 Machi

Nimeamka kabla ya kila mtu nikafungua mlango.

Sijawahi kuiona Nakuru hivi, na nimekaa hapa tangu niolewe. Hakuna chembe ya vumbi hewani. Milima ya Mau yote iko wazi upande wa pili, unaona msitu unapoanzia. Menengai imesogea mpaka unaweza kuhesabu vichaka. Ziwa limepata maji ukingoni na wale ndege wamekuja karibu, wekundu kweli, si mstari. Jua lilitoka bila kitu chochote cha kulizuia.

Nikamwamsha mama. Nikamkalisha mlangoni, mgongo kwenye fremu, Marita mapajani, nikamgeuza mtoto uso kwenye jua. Nikamwambia mama, sasa.

Alimshika kidevu. Akamtazama. Alisogea karibu, akarudi nyuma, akainamisha kichwa upande jicho la kushoto lipate nafasi. Marita naye alitulia, jambo lisilo la kawaida, akawa anamtazama vile vile.

Halafu mama akaanza kutaja. Masikio ni ya marehemu baba. Meno ya mbele yana mwanya. Shavu moja lina kishimo, lingine halina. Nyusi ni zangu. Paji la uso akalipitishia kidole mara mbili. "Hili si la kwetu," akasema. "Litakuwa limetoka kwa yule asiyekuwepo."

Nimelia. Sijali nani alinisikia.

Baadaye Yohana alipita mbali, karibu na mfereji, amebeba ndoo. Yohana hachoti maji, tangu lini. Alikuwa anatembea polepole sana. Mama alishusha leso usoni, kama inavyopaswa. Nadhani hakuishusha yote.

Jumanne, 25 Machi

Mama ameondoka kwa treni ya asubuhi, na yule mwanamke wa kanisani aliyekuwa anarudi kutoka Nairobi. Mvua imenyesha kila alasiri, na kila asubuhi kumekuwa na jua, na kila asubuhi amekaa pale mlangoni na mtoto. Bati la Mama Achieng' lilirudishwa Jumamosi na Yohana, kwa ile misumari. Mama akalala huko siku zilizobaki, heshima ikarudi mahali pake.

Stesheni Yohana alijificha nyuma ya mahindi tena. Lakini kikapu cha mama kilikuwa kimeshawekwa ndani ya behewa, kimefungwa kamba vizuri, na mimi sikukifunga.

Nyumba iko kimya. Nina hasira na ukimya.

Jumapili, 1 Juni

Mvua kubwa zimekwisha. Baridi kidogo. Vumbi hakuna.

Barua ya Petero. Jicho la kushoto limefunga mwezi uliopita. Mama alijua siku yenyewe, akaomba apelekwe nje akae juani, akakaa mpaka jioni. Sasa wageni wakija kumpa pole yeye huwasimulia mtoto: masikio, mwanya, kishimo cha shavu moja, paji la uso lisilo la kwetu. Anawasimulia kama yuko mbele yake. Na wakiuliza Nakuru ikoje na mtu aende lini, anawaambia waende mvua inapoanza, wasubiri asubuhi.

Nimesoma barua mara ya kwanza nikiwa peke yangu. Mara ya pili nilimsomea Yohana. Aliniomba nirudie pale penye paji la uso.

Surua imekwisha kijijini. Yohana ameomba likizo mwenyewe, bila kushauriana nami. Tunaondoka wiki ijayo, mama amguse mtoto akiwa angali anaikumbuka sura yake.

Nimefua nguo za safari. Zimekauka zikiwa safi. Yohana ameniuliza atakaa wapi tukifika huko. Nimemwambia nje, kama mvua hainyeshi.