Mhindi wa Bukoba

Jumatatu, 5 Machi 1951

Remtulla, mwenye duka hapa mbele yetu Buguruni, kamwomba mume wangu Gaspar nimfundishe mkewe Kiswahili. Shirinbai katoka Kachi, huko Bara Hindi, juzijuzi, hajui hata kuomba maji. Dukani anayeuza ni mama mkwe wake, Bi Khatija, mzaliwa wa hapa hapa. Nilikubali kabla Gaspar hajafungua mdomo. Mie si nilikuwa mwalimu wa misheni Bukoba? Nilisahau kidogo tu kwamba nimeshuka treni mwaka jana, na sokoni bado naambiwa nirudie.

Ijumaa, 9 Machi

Mwepesi wa kushika! Kalamu, meza, dirisha — zote anazo. Leo kamkaribisha chakula mwenye nyumba wetu, Bi Mwanabaraka: "Karibu kura." Bi Mwanabaraka kacheka mpaka kashika ukuta. Eti Mhindi wa Bukoba hajapata kumwona. Nikaudhika. Nikamwambia Shirinbai asijali, tuseme wote polepole: kura.

Nikajisikia mwenyewe: kura, badala ya kula.

Alhamisi, 15 Machi

Aibu. Bi Mwanabaraka alikuwa na wageni, akamwomba Shirinbai amwazime mbuzi. Shirinbai mbio kwangu: mbuzi nini? Nikamchorea ubaoni, pembe na ndevu. Nilijivunia zile ndevu. Akaenda kumfungua beberu wa Bi Khatija, aliyewekwa kwa ajili ya nadhiri, akampeleka.

Kumbe alitakiwa kile kibao cha kukunia nazi! Huku pwani nacho kinaitwa mbuzi. Kwetu Bukoba hatukuni nazi — nani angeniambia? Beberu kapitia wali wa wageni, katoroka. Kaja kukamatwa sokoni, kala mchicha wa watu.

Gaspar kacheka kimoyomoyo usiku kucha. Kitanda kilitikisika.

Ijumaa, 16 Machi

Shirinbai hakuja. Nimefuta ubao, nikauandika upya, nikaufuta.

Jumamosi, 17 Machi

Bi Khatija kaja mwenyewe, Shirinbai nyuma yake kainamisha kichwa. Nikamwamkia shikamoo. Kaitikia, kisha kanisema, tena kwa Kiswahili kilichonyooka hata nikatamani kukinukuu. Masomo basi. Bibi harusi atapelekwa Unguja kwa shangazi, akae ndani mpaka ajue kusema kama watu. Nikaomba radhi. Hata radhi nilitamka vibaya.

Shirinbai kainua kichwa.

"Mama, mimi siendi Unguja. Ndani nimekaa sana. Mimi nataka kujua kusema na watu. Huyu mwarimu wangu."

Angeweza kusema Kikachi, mie nisiambulie kitu. Kasema Kiswahili, makusudi, nisikie. Bi Mwanabaraka naye alikuwa mlangoni. Safari hii hakucheka.

Bi Khatija kamtazama mkwewe kama mtu aliyeona mgeni kaingia bila hodi. Kisha kavuta kigoda, kaketi, kapanga mikunjo ya gauni. Kasema haya, nifundishe, asikie.

Bi Mwanabaraka kaja kukaa kando yake. Shirinbai kakaa mbele, mikono mapajani, ananingoja mie.

Nimewaambia nafuata chaki ndani, na humu ndani ndimo ninamoandika haya. Chaki ninayo mkononi. Bi Khatija anauliza mwalimu yuko wapi. Nasikia Shirinbai anamjibu: anakuja, anakuja sasa hivi