Boti Niliyokuchagulia kwa Macho ya Mfugaji

Kabula, mdogo wangu,

"Ziwa limemchukua." Baba Mdogo Ngassa aliyasema hayo juu ya kaburi lako, na ukoo mzima ukatikisa vichwa kukubali.

Unanijua. Nimebishana na madiwani, nimebishana na wahubiri, nimebishana na watangazaji wa redio mpaka wakakata matangazo. Pale kaburini uongo ulisemwa mbele yangu nikiwa na hoja zote za kuupinga, nikanyamaza. Nilinyamaza kwa sababu uongo ule ulikuwa unanisitiri.

Leo naupinga. Ziwa halikukuchukua. Uliumia mchana kweupe, kwenye mchanga mkavu wa Ikola, maji ukiwa umeshayaacha nyuma. Kilichokulalia ni boti ndogo ya mbao za mninga, na mninga ule niliuchagua mimi.

Barua hii itasomwa Jumamosi huko Kasansa, ukoo utakapokaa kumaliza msiba wako na kuamua juu ya boti mpya. Mwanao Neema aliniomba nisimame nizungumze. Nikamwambia hapana. Nikisimama nitataka kushinda, na mimi nimeshashinda vya kutosha. Nitaandika, yeye asome.

Wengine kule Kasansa hawajawahi kuliona ziwa, kwa hiyo acha niwaeleze kilichokuwa kinakusumbua. Boti yako kubwa ya abiria, ile ya kwenda Karema na vijiji vya kusini, haifiki ufukweni. Maji ya pale hayana kina, inasimama mbali. Pasipokuwa na boti ndogo ya kuwatoa watu, mama anashuka maji yakiwa kifuani, mtoto kamweka mabegani, na gunia la mchele linafika nchi kavu limeshaharibika. Ulikuwa unaazima mitumbwi ya watu na kusubiri huruma yao. Ukataka ya kwako, inayofungwa nyuma ya boti kubwa na kuvutwa safari nzima, inayoshusha watu asubuhi, na jioni wewe na Rama, baharia wako, mnaingia nayo kuvua migebuka.

Ulikuja dukani kwangu Mpanda, pale ninapouza vitabu na kutoa fotokopi, ukanionyesha picha kwenye simu. Boti ya starehe ya matajiri wa mahali fulani, na nyuma yake kaboti keupe. Picha iliyofuata, wanawake wawili wamekashika kile kidogo, mmoja mbele mmoja nyuma, wanapanda nacho ufukweni kama wanaobeba beseni la nguo.

"Kaka, angalia," ulisema. "Wanaibeba huku wanacheka."

Nami nikasema, "Hilo ni beseni la watalii."

Lakini fedha ilikuwa itoke kwenye ng'ombe aliowaacha marehemu baba, na kwetu ng'ombe wa baba hatoki zizini mpaka mtoto mkubwa wa kiume aseme neno. Hiyo ndiyo desturi, nami niliyeandika makala nyingi kuzisema desturi zinazowakalia wanawake vichwani, hiyo moja sikuwahi kuiandika. Ilikuwa inanifaa. Wewe uliyelala juu ya maji mara nyingi kuliko mimi nilivyolitazama ziwa, ulisimama mbele ya kaunta yangu ukisubiri niseme ndiyo.

Nilikuwa na sababu mbili. Ile ya kwanza niliitangaza redioni. Nilisema boti nzito inawalisha watu: pale Ikola anayeshika boti kuipandisha mchangani haondoki mkono mtupu, anapewa mboga yake, na kati yao wamo wajane na vikongwe. Nikasema boti nyepesi ya kiwandani itawanyang'anya samaki wao. Ilikuwa hoja nzuri. Watu walipiga simu kunipongeza, kutoka Kakese mpaka Mwese, na mmoja akasema, "Mwalimu, wewe ndiye unayetusemea." Wananiita Mwalimu mpaka leo, ingawa chaki niliiacha zamani.

Ile ya pili ndiyo ilikuwa ya kweli, na sikumwambia mtu. Mimi na wewe tumekulia nyuma ya ng'ombe. Baba alinifundisha kuchagua maksai wa kulimia: tazama kwato, tazama upana wa kifua, bonyeza nyonga, kisha chukua mzito. Sijawahi kujifunza njia nyingine ya kuchagua kitu. Tulipofika kwa fundi pale Ikola nikaizunguka ile boti ya mninga, nikaipiga ubavuni kwa kiganja kama anavyopigwa dume mnadani, nikasema, "Hii ina mwili."

Rama aligeuza uso. Nilidhani anapiga chafya. Sasa najua alikuwa anacheka.

Wewe ulisema, "Kaka, hii hailimi."

Nikakupa mhadhara. Hata sikumbuki nilisema nini. Nakumbuka ulivyokuwa unachora mchangani kwa kidole cha mguu, ukingoja nimalize. Nilipomaliza ulisema, "Haya, Kaka." Tangu siku hiyo ukaiita Ng'ombe wa Kaka. Ukinipigia simu unaniambia: Ng'ombe wa Kaka leo kagoma kutoka majini. Ng'ombe wa Kaka kanywa maji, katushinda. Mbao zilikuwa zinakunywa maji kweli, kila masika boti inazidi uzito, na wewe unanipa habari hiyo kwa utani kwa sababu kwa lugha nyingine nisingekusikia. Nilikuwa nacheka. Nilidhani unaifurahia.

Na wale wasukumaji niliowatetea redioni? Msimu wa mpunga wanakuwa mashambani mchana kutwa. Kila mtu pale Ikola anajua hivyo, mtoto anajua. Mimi nilikuwa nawatetea watu ambao hawakuwepo, nikiwa nimekaa kwenye kiti Mpanda mjini, na maisha yangu yote sijawahi kushika boti kuipandisha hata mara moja.

Siku yenyewe amenisimulia Rama, na nimemlazimisha arudie mpaka amenichoka. Upepo ulitoka upande wa Kongo, mawimbi yakaanza kuipigiza Ng'ombe. Ukaita watu, ufukwe ulikuwa mtupu. Mkaweka magogo chini yake, Rama akavuta kamba mbele, wewe ukasukuma nyuma. Mlikuwa mmeshalivuka eneo la mawimbi, mmefika kwenye mchanga mkavu, gogo likateleza. Boti ikarudi nyuma.

Kabula.

Nimeiacha kalamu, nimeirudia.

Ulinipigia mkiwa kwenye gari, mnaletwa Mpanda. Ulisema, "Kaka, ng'ombe wako kanikanyaga." Nami nikacheka. Nilikuwa na mteja mbele yangu, nikaona ni ule utani wetu. Nikakujibu, "Mpe majani, atatulia." Nikakusikia unacheka kidogo, kisha ukakohoa, nikasema nitakupigia.

Aliyepiga tena alikuwa Rama. Hamkuwa mmefika mjini.

Sasa unaelewa kwa nini pale kaburini nililipenda ziwa. Ziwa halina dada. Ziwa halikukujibu upuuzi kwenye simu.

Nikupe habari za tangu uondoke. Boti kubwa inatembea, Neema anaiendesha na Rama, na wamerudi kuazima mitumbwi. Abiria wananung'unika lakini wanapanda. Ng'ombe iko palepale iliposimama, imegeuzwa tumbo juu, na wanawake wanaanikia dagaa mgongoni mwake. Redioni sijaenda. Mtangazaji ananipigia, "Mwalimu, umepotea, watu wanataka kusikia." Namwambia niko masomoni.

Ni kweli niko masomoni. Kila mwisho wa wiki nafunga duka naenda Ikola kusukuma boti za watu. Siku ya kwanza mmoja wa wale bibi niliokuwa nawasemea aliniangalia nikihema, akasema, "Mwalimu, sukuma kwa miguu, acha kusukuma kwa mdomo." Ufukwe wote ukacheka. Nilipewa samaki wangu lakini, mgebuka mmoja. Nilimla peke yangu chumbani kwako, sikuweza kummaliza.

Nimezunguka na Neema kutafuta boti. Ulikuwa na swali ambalo mimi sikulisikia: kitu gani kinaweza kumtoa mtu majini salama, kikavua, na mikono miwili ya mwanamke na miwili ya mwenzake ikakipandisha bila kupiga kelele za kuomba msaada? Tumeona ya mpira, ile ya kujazwa upepo. Nyepesi sana, inakunjwa kama turubai. Rama akaiminya akasema, "Samaki singa mmoja tu aingie humu na mwiba wake, wote tunaogelea." Hiyo ikaishia hapo. Tumeona ya alumini. Nayo nyepesi, ila jua la mchana likiipata huwezi kuikalia, na kila fundi niliyemuuliza Ikola na Mpanda kuhusu kuichomelea ikitoboka alikuna kichwa.

Kisha tukaenda Kigoma tukaona ya faiba. Chini ni bapa na pana. Neema aliingia akasimama ukingoni mwake, akainama upande mmoja kama anayeinua wavu, ikalala kidogo ikatulia. Chini ya viti kuna nafasi zilizozibwa, zina hewa, kwa hiyo ikijaa maji haizami. Kingo ni fupi, mtu anaingiza samaki bila kuumia kifua. Puani ina pete ya chuma ya kufungia kamba, ifuate boti kubwa. Ikipasuka inazibwa kwa kitambaa na gundi yake, Rama ameshajifunza. Kasoro inayo: haina mwili. Wimbi kubwa litairusha kuliko lilivyokuwa linairusha mninga, kwa hiyo upepo ukichafuka mtu asiingie nayo kuvua. Neema amelikubali hilo kabla sijamaliza kulisema.

Halafu akasema, "Mjomba, mimi na mama tungeiweza?"

Akashika mbele. Mimi nikaenda nyuma, mahali pako. Tukainyanyua kutoka majini, tukapanda nayo ufukweni mpaka kwenye nyasi, hatukumwita mtu.

Nitakwambia kitu ambacho hata Neema atakisikia kwa mara ya kwanza wakati anakisoma. Nilipoinama kuishika niliomba iwe nzito. Sio nzito sana. Nzito kiasi tu cha mimi kuweza kusema kwamba hata na hii ungeumia, kwamba nilikuwa na haki kidogo. Nilikaza mgongo kama ninayenyanyua gunia, nusura nianguke nyuma, kwa sababu ilikuja juu mara moja.

Ilikuwa nyepesi, Kabula. Mlikuwa mnaiweza. Mngeibeba huku mnacheka.

Neema aliiweka chini, akanigeukia, akaniona nilivyokuwa. Baadaye nilimuuliza kuhusu wale bibi na mboga yao, ile hoja yangu maarufu. Akanitazama kama wewe ulivyokuwa unanitazama. "Mjomba, si nitawapa tu? Kwani boti ndiyo ilikuwa inagawa samaki?" Hoja iliyopigiwa simu na nusu ya mkoa, imeangushwa na binti anayekung'uta mchanga kwenye ndala.

Nakuaga, mdogo wangu. Sikuombi unisamehe kwa njia ya barua, maana barua haijibiwi, na mimi nimezoea mabishano ambayo mwenzangu hawezi kujibu. Nakuahidi mambo madogo, yale ninayoyaweza. Sitasema tena neno juu ya uzito wa kitu ambacho sijakibeba. Mtu wa nyumbani akinipigia simu akiniletea utani, nitamuuliza kwanza kama yuko salama, kicheko kitasubiri. Na Jumamosi za Ikola nitaendelea kusukuma, mpaka yule bibi aone nimefaulu. Lala, Kabula.

Na sasa nyie mliokaa hapo Kasansa mnamsikiliza Neema akisoma. Nimesikia mnayoyapanga. Wengine mnataka boti nyingine ya mninga, eti ya kumkumbuka. Wengine mnataka boti kubwa iuzwe na fedha irudi kuwa ng'ombe. Mimi ndiye mtoto mkubwa wa marehemu baba, neno la zizi ni langu, na leo ndiyo mara ya mwisho kulitumia: fungu la Kabula katika ng'ombe wa baba ni la Neema, na boti anayoichagua Neema ndiyo itakayonunuliwa. Anayepinga asipinge kwa mdomo. Aje Ikola msimu wa mpunga, mchana, aipandishe Ng'ombe mchangani, kisha tutamsikiliza.

Baba Mdogo Ngassa, hili la mwisho ni lako, na ninakuomba kwa heshima zote. Neema akikunja karatasi hii, simama. Uwaambie upya watu hawa Kabula alikufa kwa nini. Usilitaje ziwa. Mimi nimekaa hapo mlangoni, naitwa Maduhu. Nitaje.