Sauti ya Mama Kabla ya Fidla

Rauland, 14 Februari 1982

Mdogo wangu Tarjei,

Salamu tele kutoka kwenye theluji. Mimi mzima, ila goti linalalamika kila nikienda kulisha kondoo. Kifua chako je? Acha kulala dukani katikati ya santuri, utakufa na vumbi la watu wengine.

Kanda ya Mama nimeipata kabatini. Nimeifunga kwenye soksi ya sufu, na kanda ni hiyo hiyo moja, hakuna nyingine. Sikiliza mwanzo, kabla hajapiga fidla: "Wimbo huu nimeupata kwa Ingerid wa Berge. Tarjei wewe, usiguse birika, ni la moto!" Nilicheka hadi mbwa akaja kunikagua. Tangu tumzike sijamsikia akiongea. Isikilize, kisha irudishe.

Dada yako,
Birgit

Oslo, 2 Machi 1982

Dada mpendwa,

Pokea salamu za kifua kilichopona. Kanda imefika, soksi nimeivaa. Ya pili iko wapi?

Nimelia mbele ya wateja, bila aibu. Dada, hivi unajua ulichokuwa umekifungia kabatini? Natengeneza santuri ya rekodi nzuri ambazo watu hawazijui. Ninaye mpiga tarumbeta wa jazi aliyerekodiwa hotelini Gothenburg, ninaye mzee wa kinanda cha kanisa huko Trondheim. Niongeze na Mama. Niruhusu, tafadhali.

Mdogo wako,
Tarjei

Rauland, 20 Machi 1982

Mdogo wangu,

Nafurahi umepona. Huku wana-kondoo wameanza kuzaliwa, silali.

Ruhusa unayo. Sharti unalijua hata nisipolisema: kwetu mtu hapigi wimbo bila kutaja aliyempa. Jina la Ingerid liwepo, jina la Mama liwepo, na maneno yake yasiguswe. Nimeshatangazia majirani. Olav wa bondeni amenunua hadi sindano mpya ya gramafoni, na unamjua alivyo bahili.

Dada yako,
Birgit

Rauland, 9 Oktoba 1982

Tarjei,

Natumaini u mzima. Mimi niko hivyo hivyo.

Santuri yako hukunitumia. Olav ndiye aliyeinunua, akaileta kwangu Jumamosi pamoja na nusu ya kijiji. Nilipika kahawa, nikakata jibini la mbuzi, nikavaa sketi ya kanisani. Nikawaambia, "Nyamazeni, sasa Mama anaongea."

Hakuongea. Fidla ilianza moja kwa moja. Olav akageuza jalada, akasoma: "Mpiga fidla asiyejulikana, mkoa wa Telemark." Akauliza, "Asiyejulikana na nani? Mama yako Aslaug si ndiye aliyepiga harusini kwangu?" Mwingine akasema labda mwanawe wa mjini hamtaki mama mwenye harufu ya zizi. Nilitamani ardhi inimeze.

Umenisaliti, Tarjei, na umemsaliti yeye. Nirudishie kanda, na kile kipande cha mwanzo.

Dada yako,
Birgit

Oslo, 3 Novemba 1982

Dada mpendwa,

Salamu, ingawa najua hutaki salamu zangu.

Sikumwonea aibu Mama, naapa. Wanunuzi wangu wanapenda fumbo. Ukiwaambia Aslaug wa Rauland, wanapiga miayo. Ukiwaambia hajulikani, wanasogeza kiti karibu. Na yale maneno ya birika yalivuruga mwanzo, kwa hiyo niliyakata kwenye kanda kwa wembe.

Kanda nakurudishia leo. Kipande hakipo, dada. Kilibaki sakafuni, kikafagiliwa pamoja na takataka. Wakati ule sikukiona kuwa kitu. Nisamehe. Tutachapisha jalada jipya lenye majina yote.

Mdogo wako,
Tarjei

Rauland, 27 Juni 1983

Tarjei,

Barua zako za Krismasi na Pasaka zilifika. Mimi mzima.

Juzi nilikwenda kwenye mashindano ya fidla huko Seljord. Nilisimama jukwaani nikasema, "Wimbo huu nimeupata kwa mama yangu Aslaug, naye aliupata kwa Ingerid wa Berge." Nikapiga. Nilikosea katikati na sikujali.

Nilipomaliza, kijana mmoja kutoka Oslo alinifuata mbio. "Mama, wimbo huu ninao nyumbani! Ni wa yule asiyejulikana!" Nikamwandikia jina la Mama kiganjani kwa kalamu yake mwenyewe. Akauliza kama kuna rekodi yenye sauti yake. Nikajibu ilikuwepo.

Maneno nayakumbuka yote. Lakini kila jioni najaribu kumsikia akikuita, lile jina lako alivyolivuta mwishoni akiwa na hasira na kicheko kwa pamoja, na silipati tena. Nasikia sauti yangu mimi. Ulikata jina lako mwenyewe kinywani mwa Mama, ukaliacha lifagiliwe.

Jalada jipya chapisha, yeye anastahili. Ila watu wakikuuliza kanda uliipata kwa nani, mimi usinitaje.

Birgit, binti Aslaug