Chumba Kisicho na Paa

Shoga, acha unachofanya usome hapa. Mzee wangu ameniua!

Si unajua tunataka kusherehekea miaka ishirini na tano ya ndoa kwenye ile hoteli ya kifahari ya jangwani? Leo kapiga simu, kaweka spika. Dada wa mapokezi, sauti asali tupu: "Baba, chumba chetu bora kabisa hakina paa. Mnalala mkitazama nyota."

Hakina paa! Anamwambia mume wangu, fundi wa kuezeka!

Mzee akaisogelea simu. Halafu, kwa huruma kabisa: "Pole sana, mwanangu. Upepo uliliezua lini?"

"Hapana, baba, ndivyo kilivyojengwa."

"Nani huyo kawaachia kazi nusu? Msijali, nakuja na mabati."

Nakuja na mabati, shoga! Mimi namvuta shati, yeye anauliza upana wa kuta. Na yule dada akaandika kila kitu!

Sasa hivi wametuma uthibitisho. Tumepata nafasi kweli: nyumba ya wafanyakazi, kitanda cha juu na cha chini. "Fundi mmoja, saidia fundi mmoja."

Saidia fundi ndiye mimi.

Mzee anachekelea: "Umeona? Angalau sisi tutalala penye paa."