Taa ya Kijani Si Ridhaa ya Baba

Mdogo wangu Seifu,

Assalaam aleikum. Mimi mzima, isipokuwa magoti. Baridi ya huku Uholanzi imeniongezea uzee ambao sikuuagiza. Nyie hapo Kibiti hamjambo? Kifua cha Mama kimetulia? Mpunga mmevuna, au mmewaachia ndege tena? Wewe sikuulizi hali. Mtu anayemwoza mtoto wa kaka yake bila kaka mwenyewe kujua lazima ana afya tele.

Barua ya mke wangu imenifikia jana. Anasema watu wa Maparoni walileta posa ya Zuhura wangu, nawe ukaenda Dar, ukaingia duka la intaneti, ukaniandikia: "Kaka, tuwape neno?" Jina langu lilikuwa na taa ya kijani, maana yake nipo. Ukangoja, sikujibu. Ukarudi kwa wazee ukawaambia, "Kaka yupo, nimemwona kwa macho yangu, na amenyamaza. Amekubali." Wakasoma Fatiha.

Seifu! Anayekubali kwa kunyamaza ni mwali anapoulizwa, kwa haya zake. Tangu lini baba mwenye upara na kitambi akawa mwali? Si ungeniletea na kungwi kabisa, anifunde!

Nikueleze kazi yangu, maana huwa unawaambia watu natengeneza redio. Hapa ofisini tunaifanya mitambo ya kampuni mbalimbali iweze kutumiana ujumbe wa papo kwa papo, na kuonyeshana nani yupo na nani hayupo. Taa hiyo nimesaidia kuiwasha mimi mwenyewe, na nilivyojisifu! Lakini inachojua ni kwamba kompyuta imefunguliwa, basi. Mimi nilikuwa chini kwenye foleni ya chakula, nabishana na mpishi juu ya viazi. Nyuma yangu mkuu wangu akaizima mashine ili aweke programu mpya, na maneno yako yakapotea. Sikuona hata herufi.

Na tuseme ningekuwepo. Mtu akipiga hodi, wenyewe wakakaa kimya, mgeni wa kwetu hurudi zake. Haingii ndani akabeba mtoto.

Sasa nenda Maparoni, uwarudishie barua yao ya posa pamoja na kitambaa ilichofungiwa, useme baba mtu hajaridhia. Aibu ni yako, ibebe. Ukimtuma mtu mwingine badala yako, nikija sitakula kwako wala kukanyaga ua wako. Hapo sitanii.

Nisalimie Mama, na shangazi msuka mikeka, na mwalimu wetu wa madrasa, uliyekuwa ukimsinzilia. Mkeo mwambie namwonea huruma.

Tena mke wangu ameandika na hili. Zuhura alikwambia hataki, anataka kumaliza shule. Alikwambia uso kwa uso, kabla hujapanda basi. Ulimsikia mtoto akisema hapana kwa mdomo wake, ukasafiri mpaka Dar kuiuliza taa.

Kaka yako,
Bakari